Mashuka ya Hoteli Isiyo na Mgeni

Povu alikuwa dobi, na udobi wenyewe hakuuchagua, aliolewa nao. Siku alipoingia nyumba ya mumewe, kabla hata hajajua choo kiko upande gani, mama mkwe wake alimshika mkono akampeleka uani, akamwonyesha karai, akamwambia, "Mwanangu, sisi ndiyo hapa." Ua ule ulibanwa kati ya mgongo wa hoteli kubwa na ukuta wa bahari. Kamba zilivuka kutoka ukuta huu hadi ule, na ukisimama katikati siku ya mashuka mengi huoni mbingu wala bahari, unaona weupe tu, mbele weupe, nyuma weupe. Bibi harusi akasimama pale akacheka. Alidhani watakaa kidogo, wajikusanye, wahame wakaanze maisha yao. Hee! Mume alishakwenda kaburini, nywele zimeingia mvi, na yeye bado yuko uani.

Jina la Povu alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu alikuwa akikimbilia dukani na povu limemkaukia viwikoni. Halikumkera. Kuna mwenzake walimwita Kelele mpaka akahama.

Wakati huo hoteli ilikuwa hoteli kweli. Watu walitoka mbali kuja kuogelea na kula fungate, na kila asubuhi mashuka yalishushwa kwa dirisha la nyuma yakaangukia uani kwa Povu, puu! Leo ukiuliza mji ule uliuawa na nini, kila mtu ana jibu lake. Kinyozi atakwambia ni barabara mpya, iliyopita kule mbali ikawaacha. Mwokaji mikate atakwambia ni bahari, iliyokula ufukwe wote ikabaki kutafuna ukuta. Diwani atakwambia ni diwani aliyemtangulia. Hoteli ilifungwa, ikafuata sinema, yakafuata maduka ya mbele, moja baada ya jingine. Benki ilipofunga ndipo hata wabishi walipoamini.

Lakini kuna jambo moja la mji ule ulijue mapema, maana ndilo lililomponza mwanamke huyu. Watu wa pale hawakuuliza kama nyumba fulani ya wageni ina wageni. Walitazama kamba. Kamba ikiwa na mashuka, mwenye nyumba anakula vizuri, msalimie kwa heshima. Kamba ikiwa tupu, pita kimya usimwaibishe. Na kila shuka lilikuwa na uzi wa rangi pembeni, alama ya dobi, ili lisipotee. Hoteli ilikuwa na uzi wa buluu, mwokaji wa kijani, kinyozi wa njano, na Povu mwenyewe mwekundu. Lakini Povu alikuwa amefika mahali hata nyuzi hazihitaji. Alikuwa akilishika tu shuka anajua ni la nani, anajua na mwenyewe analala upande gani.

Hoteli ilipofungwa akabaki na mashuka ya majirani, ambao nao walianza kufua wenyewe. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni na chumvi. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Alichoka ule ua, ule upepo wa chumvi usiokubali kitu kikauke, na mama mkwe anayekaa kwenye kigoda mlangoni akisema, "Hapo pembeni hujasugua."

Ndipo dada yake alipopiga simu. Dada alikuwa mpishi katika hospitali kubwa huko mji wa milimani.

"Wewe, keti kwanza," dada akasema. "Umeketi? Huku kwetu kuna kazi ya udobi. Lakini siyo udobi wako huo wa karai. Mashine! Unatia nguo, unabonyeza, unakaa unakula njugu."

"Acha kunidanganya, dada."

"Nikudanganye ili iweje? Tena nafasi zimetengwa kwa watu wa miji ya pwani iliyokufa, ile serikali iliyoitangaza. Mkuu wa dobi keshakuwekea yako. Na chumba cha watumishi unapewa, unakuja na mama mkwe wako. Yaani kwa mara ya kwanza kufa kwenu kuna faida!" Dada akacheka mpaka akakohoa.

Povu aliligeuza karai akalikalia, akalia pale pale. Alilia kwa furaha, na sioni haya kukwambia hivyo. Alitakiwa kuripoti mwisho wa mwezi. Akatoa sanduku lake chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akapanga nguo, na juu kabisa akaweka mashuka yake mawili mazuri yenye uzi mwekundu, aliyokuwa hayatumii, akiyawekea siku njema.

Mama mkwe alimtazama tu. "Nenda," akasema. "Mimi siendi kufa kwenye baridi. Wataniwekea sweta ndani ya sanda."

"Mama, bila wewe siendi."

"Basi huendi."

Kila siku wakawa hivyo, huyu anabembeleza, yule anakataa huku anauliza kama huko milimani kuna samaki.

Sasa, siku zile zile Diwani aliitisha mkutano. Diwani alikuwa rafiki wa marehemu, hivyo Povu alikuwa shemeji yake, na yule bwana alijua kuutumia ushemeji vizuri. Alikuwa na maneno matamu. Lakini tusimwonee, alikuwa pia na moyo. Ndiye aliyeingia mtaroni na beleshi wakati wenzake wa halmashauri wamekaa kwenye kivuli wakijadili beleshi. Akasema wakaguzi wanakuja kutoka makao makuu kutazama miji ya pwani, na mji utakaoonekana una uhai ndio utakaojengewa ukuta mpya wa bahari na kuwekewa taa. "Hakuna mtu wa kutia pesa yake kaburini," akasema. "Tuwaonyeshe tunapumua!"

Watu wakajitoa, jamani. Ungewaona ungewapenda. Walifagia barabara ya mbele mpaka ikang'aa, wakapaka rangi milango ya maduka yaliyofungwa. Kinyozi akapanda maua kwenye matairi mabovu, akawa anayasalimia kila asubuhi. Mwokaji akaamua kuoka mikate mingi kuliko wanunuzi, ili harufu tu iwepo. Povu naye alifagia. Alikuwa na mguu mmoja nje, lakini ulikuwa mji wake.

Tatizo likabaki hoteli. Ilisimama pale mbele na roshani zake tupu, ghorofa juu ya ghorofa, inamkodolea macho kila anayepita. Maua ya kinyozi yasingeificha ile. Kwenye mkutano wa pili watu wakakaa wameinamisha vichwa, feni ya ofisi inalia kwikwi, hakuna mwenye wazo. Na mdomo wa Povu ukafunguka wenyewe.

"Si tuanike mashuka."

Alikuwa anatania! Alisema vile ili watu wacheke waende nyumbani. Hakuna aliyecheka. Diwani alisimama polepole, macho yamemtoka.

"Shemeji," akasema, "rudia."

Kufika hapo mambo yakawa hayashikiki. Hoteli ilikuwa mali ya halmashauri, ufunguo anao Diwani. Angesema tumeifungua kwa majaribio, wageni wamepumzika vyumbani, tusiwasumbue. Mashuka yenye uzi wa buluu yalikuwa yameliwa na nondo, basi kila nyumba ingetoa yake. Na ni nani ajuaye kuyaanika yaonekane yamelaliwa na kufuliwa? Wote wakamgeukia Povu.

"Mimi naondoka mwisho wa mwezi," akasema. "Mnajua."

"Shemeji yangu, wakaguzi wakiondoka tu, sanduku lako nitalibeba mwenyewe. Kichwani!"

Watu wakapiga makofi. Povu akakubali. Angekataaje?

Mashuka yakaja uani kwa mafungu. Watu walitandua vitanda vyao wenyewe. Mwokaji alileta yote aliyokuwa nayo, kinyozi akaleta lake moja lenye kiraka, akalikabidhi limekunjwa sana ili kiraka kisionekane, kana kwamba si Povu aliyekishona. Mjane wa mwenye sinema alileta shuka la harusi yake. Povu akafua, akachovya kwenye buluu ya kung'arishia, akapanda ngazi za hoteli zenye mavi ya popo, akaanika roshani moja baada ya nyingine. Mashuka yakaisha ikabaki roshani moja, tena ile ya mbele juu ya mlango mkubwa, ambayo kila mtu ataiona kwanza. Alisimama akaitazama, akasonya. Akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa shuka lake moja la uzi mwekundu.

"Na hilo?" mama mkwe akauliza.

"Nitalitoa wakishaondoka."

Siku ya wakaguzi jua lilitoka safi, na hoteli, lo! Hata waliojua uongo ule walisimama barabarani wakasahau. Mashuka yalipepea kutoka juu mpaka chini, unaweza kuapa kwamba ndani kuna watu wanapiga miayo na kuagiza chai. Mama mkwe alivaa aproni yake ya zamani ya hoteli, akaomba kigoda chake kipelekwe mbele. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakumwambia Povu kwamba hapo pembeni hajasugua.

Gari la wakaguzi lilikuwa linaingia mtaani simu ya Povu ilipolia.

"Nyinyi, leo mnakaguliwa?" Dada alikuwa anahema. "Mkuu wa dobi kanieleza sasa hivi. Wakikuta mji wenu umefufuka, mnatolewa kwenye miji iliyokufa. Nafasi zenu zote wanapewa watu wa mji mwingine. Unanisikia? Na yako ikiwemo!"

Povu akainua macho akaitazama hoteli.

"Mbona kimya?" dada akasema. "Si watakuta magofu tu? Mji wenu si umekufa, wewe?"

Povu akakata simu. Akapenya watu mpaka kwa Diwani, akamshika mkono wa koti. "Shemeji, nisikilize. Kazi yangu..."

"Shemeji, tabasamu," Diwani akasema kwa pembe ya mdomo, akaenda kufungua mlango wa gari.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na viatu vya kutembelea, si vya kuonekana. Akatembezwa. Akanusa mikate, akanunua mmoja. Akaonyeshwa maua, akamsikiliza kinyozi mpaka mwisho. Walipofika mbele ya hoteli Diwani akatoa hotuba yake ya majaribio na wageni waliopumzika. Yule mama akaitika, akaandika jambo, kisha akamwacha Diwani katikati ya sentensi akaja moja kwa moja kwa Povu. Aliiona mikono.

"Ni wewe unayefua yote haya?"

"Ni mimi, mama."

"Basi niambie wewe. Viongozi huwa wananiambia wanachotaka niandike." Alishusha sauti, lakini mtaa wote ulikuwa umetega masikio. "Hii hoteli ina wageni kweli?"

Mlango wake wa kuondoka ulikuwa wazi namna ile. Haukuwa na kitasa hata. Neno moja tu, hapana, na Povu angekuwa njiani kwenda milimani na sanduku lake, na mashine, na njugu. Alifungua mdomo. Akainua macho juu kidogo, na hapo ndipo alipojimaliza, maana hakuona mashuka. Aliona vitanda. Aliona kitanda cha kinyozi na kiraka chake, kitanda cha mwokaji ambacho watoto wake bado wanakikojolea, kitanda cha yule mjane. Kusema hapana ilikuwa ni kuwavua nguo wote mbele ya mgeni, na wote walikuwa wamesimama pale, wanamtazama, hakuna anayepumua. Aliona uchungu, aliona hasira, akatamani mtu mwingine yeyote aulizwe.

"Imejaa, mama," akasema. "Mpaka juu."

Yule mama akafunga daftari lake. Kisha akatabasamu, akamshika ile mikono iliyopasuka. "Hongera," akasema. "Hongereni sana."

Alasiri ile ile majibu yakarudi. Ukuta utajengwa, taa zitawekwa, na mji umetolewa rasmi kwenye miji iliyokufa. Diwani alisimama juu ya tairi la maua akatangaza kwa kipaza sauti, kinyozi akilia kwa ajili ya tangazo na kwa ajili ya maua. Watu wakamnyanyua Povu juu juu. Wakazunguka naye barabara yote ya mbele, wanaimba, yeye anasema, "Nishusheni, jamani, nishusheni," na wao wanadhani anaona haya. Simu ilikuwa inatetema mfukoni. Alijua ni nani na alijua anasema nini, kwa hiyo hakuipokea mpaka walipomshusha mlangoni kwake.

"Zimekwenda," dada akasema. Hakucheka wala hakumgombeza, na ingekuwa nafuu angemgombeza.

Jioni hiyo Povu alikaa kwenye godoro tupu, sanduku miguuni. Mama mkwe alikuwa kitandani kwake, naye kwenye godoro tupu, bado na aproni.

"Ile simu ya asubuhi ilikuwa ya dada yako," mama mkwe akasema. "Nilikuona uso ulivyobadilika. Nilidhani utasema."

"Ningesema ungefurahi?"

"Nifurahi? Ningekuchukia mpaka naingia kaburini." Bibi akajigeuza, kitanda kikalia. "Lakini ningefunga mzigo tukaenda. Nilishamwomba mwokaji aniazime sweta."

Povu akamtazama. Sweta lenyewe lilikuwa pale kwenye msumari, la kahawia, limekunjwa mikono. Alikuwa amepita mbele yake siku zote hizo hakuliona.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza vizuri. Ulikuwa unanibembeleza kama mtoto." Kisha sauti ikashuka. "Nilitaka nibembelezwe kidogo zaidi. Sikujua siku zimekwisha."

Povu alilia, na safari hii hakulikalia karai. Alilala pale pale kwenye godoro akauma ngumi ili bibi asisikie, na bibi akajifanya amelala ili Povu asijue kwamba amesikia.

Asubuhi akaenda kuanua. Diwani alikuwa amesimama kwenye mlango wa hoteli na fundi wa makufuli.

"Shemeji, subiri kwanza. Wapimaji wa ukuta wanakuja, na kuna tajiri mmoja anataka kuitazama hoteli. Tukiyaondoa sasa watasema nini? Kidogo tu, mpaka mambo yakae sawa. Na hoteli ikifunguliwa, mkuu wa dobi ni nani kama si wewe?"

"Watu wanalala kwenye magodoro matupu, shemeji."

"Wamekubali. Waulize."

Aliwauliza. Wamekubali kweli, tena kwa furaha. Mwokaji alimwambia godoro tupu lina ubaridi wake mzuri. Basi mashuka yakabaki, mwezi ule na uliofuata, na yule tajiri yuko njiani tu, haishi kuwa njiani. Na kwa kuwa shuka linalokaa siku nyingi kambani hukakamaa likaonekana la uongo, ikawa kila asubuhi Povu anapanda ngazi na ndoo, anayanyunyizia maji yadondoke kama yaliyotoka kufuliwa sasa hivi. Alikuwa dobi anayelowesha nguo safi. Mama mkwe hukaa chini kwenye kigoda, na akiona moja halidondoki hupaza sauti, "Hapo pembeni hujatia!" Sweta hakulirudisha kwa mwokaji, na mwokaji hakulidai.

Sanduku nalo liko wazi pembeni mwa kitanda. Kulifunga hawezi, kulipangua hawezi. Lina shuka moja la uzi mwekundu, na pacha wake yuko juu ya mlango wa hoteli.

Siku moja alikuja mpimaji wa ukuta, kijana mchangamfu mwenye kofia ya plastiki, akamkuta Povu ameegemea roshani ya mbele, ndoo mkononi, anatazama barabara.

"Shikamoo, mama! Nimeambiwa hoteli imejaa, lakini naomba uniombee chumba hicho ulichosimama. Kinatazama bahari vizuri. Kina mtu?"

"Marahaba, mwanangu. Kina mtu," Povu akasema.

"Anaondoka lini?"

Povu alilishika shuka lake, akaupitisha uzi mwekundu kati ya vidole. Chini mama mkwe alikuwa ameinua uso, anangoja kusikia atajibu nini.

"Haondoki huyo," akasema, akachota maji ndooni, akaendelea kunyunyiza.